Kindoo Kwenye Msumari

Jumapili, 16 Machi

Nimeamka mke wa mtu. Naandika tena nione linavyokaa: mke wa Timothy Mulwa. Linakaa vizuri, kama rinda lililoshonwa kwa kipimo changu.

Daftari hili nimepewa jana na shangazi Ndululu, katikati ya zawadi za sufuria na mablanketi. Akasema, "Wewe uliyekuwa ukiandika insha mpaka mwalimu anachoka kusoma, sasa andika ndoa yako." Nami nitaandika. Nataka nikizeeka nisome hapa jinsi nilivyopendwa.

Nyumba yetu ni chumba kimoja kwenye ploti ya Mzee Mbuthia, hapa Kabiro, Kawangware. Kule Mashimoni nilikuwa nalala na shangazi na watoto wake, nikigeuka kila mtu anageuka. Hapa tuko wawili tu. Timo wangu ni fundi wa mbao, na ukuta wa nyuma ameujenga kwa mikono yake, mbao tupu kutoka sakafuni mpaka kwenye mabati. Akaupaka buluu kwa sababu siku moja nilimwambia kwamba naipenda buluu. Bado unanukia mbao mbichi. Nimeweka shavu langu pale nikavuta pumzi.

"Umeolewa na ukuta ama na mimi?" akaniuliza.

Mlangoni, kwa nje, kuna msumari mkubwa wenye kutu ulioachwa na aliyekaa hapa kabla yetu. Timo alitaka kuung'oa. Nimemwambia auache, nitauning'inizia maua.

Jumanne, 18 Machi

Nimerudi kutoka Soko la Toi, ambako namsaidia shangazi kuuza mashuka ya mitumba, nikakuta maua yangu yametanguliwa. Kwenye msumari kulikuwa na kindoo cheupe, cha yale mafuta ya kupikia, chenye mkono wa waya. Kimefungwa kitambaa juu kwa fundo zuri. Ndani mna wali na ndengu, bado vuguvugu. Hakuna jina wala mtu wa kuuliza.

Nilimngoja Timo. Alipofika akakitazama kidogo, akainama kuvua viatu, akasema, "Hao ni mama wa kanisa. Si pasta alisema pale mbele, hawa watoto washikwe mkono?"

Kweli pasta alisema. Tumekula kwa kijiko kimoja, yeye ananilisha na mimi namlisha, mpaka ndengu zikamwagika kwenye shati lake na tukacheka hadi nikashika mbavu. Sijui kama kuna watu wengine Nairobi nzima wenye furaha ya namna hii. Wakiwepo, wamejificha.

Nimekiosha kile kindoo, nikatia nyanya ndani. Mwaitu, mama yangu, kule Kitui alitulea hivyo, chombo cha mtu hukirudishi kitupu, utakuwa umemtukana. Kesho nitakitundika palepale wakichukue.

Alhamisi, 20 Machi

Kimekuja kingine. Githeri, mahindi na maharagwe, yenye karoti. Nimerudisha na kitunguu.

Jumamosi, 22 Machi

Leo ilikuwa siku ya Kikombe pale Toi. Kila Jumamosi shangazi Ndululu huzunguka na gunia, na kila mwenye kibanda anatia kikombe kimoja cha kitu kikavu: mchele, maharagwe, ndengu, chochote alicho nacho. Hakuna mzungu anayetusaidia na hakuna bango. Akina mama wanapika kwa zamu, wanapelekea watu wasio na mtu. Kuna mama wa Mashimoni aliyeungua. Kuna Mzee Opondo wa Gatina, ambaye miguu yake imekufa lakini mdomo uko hai. Kuna na shosho mmoja, bibi kizee.

"Huyo yuko huko kwenu Kawangware," shangazi akasema.

"Wapi, nimsalimie?"

"Hiyo haisemwi. Mtu tunamlisha, hatumtangazi. Tia kikombe chako utoke njiani, bibi harusi."

Nilitia kikombe cha mchele, nikakijaza mpaka kikamwagika. Mtu akipendwa anataka kila mtu ashibe.

Jumapili, 23 Machi

Mvua imeanza. Tulikuwa tumekaa kitandani na chai, tukisikiliza mabati. Nikamwambia Timo kwamba hii ndiyo mvua ya harusi yetu, imechelewa tu kwa sababu ya foleni. Halafu nikasikia kitu kikigonga. Kigumu juu ya kigumu, taratibu. Kikanyamaza, kikagonga tena.

"Nini hiyo?"

"Panya," akasema Timo. Akaongeza sauti ya redio.

Jumatano, 26 Machi

Wali na maharagwe. Nimetia ndimu kwenye kindoo, ile kubwa nzuri. Mvua.

Ijumaa, 28 Machi

Jirani yangu Ciru huchoma chapati pale kwenye geti la ploti. Ana mdomo mtamu na ana macho. Leo aliniita.

"Niaje, bibi harusi. Naona hata wewe unaletewa."

"Naletewa na kanisa."

"Una bahati. Na shosho naye alikuwa akiletewa vilevile, hapohapo kwa msumari. Shosho Wagaki. Alikuwa akikaa hapo kwenu."

"Alienda wapi?"

"Sijui. Watu wake ni wa upande wa Nyahururu, wale waliobaki. Niliona nyinyi mmeingia na kitanda nikajua amechukuliwa. Mtu mzima yule, hata hakuaga. Ama labda amekufa na hatujaambiwa. Chukua hii chapati imeungua kidogo, siwezi kuiuza."

Nilimshukuru, nikaichukua. Jioni nikamuuliza Timo kama alimjua huyo shosho. Alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti, hakuacha.

"Nilimwona tu," akasema. "Mzee Mbuthia alisema watu wake wanakuja kumchukua."

"Kwa hivyo hakufia humu ndani?"

"Nani amekwambia amekufa?"

Akanikumbatia, mikono imejaa vumbi la mbao. Nampenda hata na vumbi lake. Lakini tulipofungua chakula, kile kitu kikagonga tena, na safari hii nilijua kinagonga wapi. Kinagonga kwenye ukuta wa buluu.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua haikatiki. Uchochoro wa nyuma umekuwa mto, watu hawapiti tena.

Hugonga tukila. Tukiwa tumenyamaza kimya hakigongi. Harufu ya chakula ikitoka, au tukicheka, kinaanza. Jana nilisikia na wimbo, mtu anavuma kwa pua, tenzi ya Kikuyu ambayo Ciru huimba akikanda unga. Nilienda getini kuhakikisha. Ciru hakuwepo.

Nimemwambia Timo kwamba mwenye nyumba hajaondoka. Yule shosho. Nikamwambia anataka mahali pake. Nilitarajia anicheke, anaweza kunicheka hadi nikasahau nilichoogopa. Hakucheka. Akasema tule haraka kitapoa.

Nilikula kwa kijiko changu leo, na yeye kwa chake. Sijui nani alianza.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Ndengu. Kumegonga.

Jumapili, 6 Aprili

Kanisani nilimwendea Mama Pasta nikamshukuru kwa chakula wanachotuletea. Akaniangalia kwa upendo, akanishika mashavu. "Mungu ndiye wa kushukuriwa, binti yangu." Nilipogeuka nikasikia akimuuliza mwenzake chakula gani. Nimeamua kwamba hawa wanaoleta ni wanyenyekevu kiasi kwamba hata Mama Pasta hawajamwambia.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeisoma mara nyingi.

Jumanne, 8 Aprili

Kumegonga kidogo tu. Kama mtu aliyekaribia kusahau alichotaka kusema.

Alhamisi, 10 Aprili

Kimya. Leo tumekula maharagwe na hakuna kilichogonga. Timo akasema, "Umeona? Panya ameenda." Akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii, na nilipaswa kumrukia shingoni kama kawaida yangu. Nilikuwa nimeshika kijiko hewani, nasikiliza. Nilikuwa nataka kigonge.

Jumamosi, 12 Aprili

Sijui nianzie wapi, naanzia Toi.

Shangazi alikuwa anakunja mashuka na gunia la Kikombe liko miguuni. Alikuwa na furaha. "Kazi yetu si ya bure," akaniambia. "Unakumbuka yule shosho wa kwenu? Amepata nguvu. Becky anayepeleka upande ule anasema siku hizi anarudisha kindoo kikiwa safi kinang'aa, na ndani ametia kitu. Nyanya. Kitunguu. Juzi ametia ndimu kubwa hivi. Mtu ambaye alikuwa hata chupi hawezi kufua. Becky alilia."

Nilikuwa nimeshika shuka upande wangu, yeye upande wake. Nikaliachilia.

"Becky anakiweka wapi hicho kindoo?"

"Kwani wewe—"

"Anti, anakiweka wapi?"

"Kwa msumari mlangoni. Hatubishi hodi. Mtu akipokewa mkononi lazima aseme asante, na asante ya kila siku inamchosha mtu mpaka aone afadhali njaa, njaa haina aibu. Tunatundika tunaenda. Evalaini, mbona umekuwa hivyo?"

Sikumbuki nilifikaje Kabiro. Nakumbuka Ciru akiwa getini na unga mikononi, nikimuuliza njia ya kufika nyuma ya chumba changu.

"Nyuma hakuna kitu. Ni mtaro."

"Nionyeshe mtaro."

Tulishika ukuta tukapita kwenye maji mpaka magotini. Nyuma ya ploti kuna mlango mfupi wa mabati mapya, kama wa kuku, umefungwa kwa waya kwa ndani. Ciru akasema, "Huu haukuwepo." Nikabisha hodi. Nikabisha kwa kiganja, halafu kwa ngumi. Nikatia mkono kwenye upenyo nikajikata vidole nikifungua ule waya.

Shosho Wagaki alikuwa amelala kwenye kitanda chembamba, miguu kwenye blanketi lililolowa. Ni mdogo. Ni mdogo sana. Karibu yake palikuwa na jagi la maji ya mvua yaliyovuja, mfuko wa unga uliokwisha, na ganda la parachichi lililokwanguliwa likawa kama karatasi. Mkononi alikuwa na kijiko. Macho yalikuwa wazi. Ciru akapiga magoti majini akaanza kumwita shosho kwa Kikuyu, "Cũcũ, cũcũ, ni mimi, Ciru wa chapati," na midomo ya shosho ikatikisika.

Ndipo nikauona ukuta. Ule ukuta wangu, kwa upande wake. Huku haukupakwa rangi. Pale kitanda kinapogusa, mbao zimejaa alama ndogo za kijiko, zimekusanyika mahali pamoja. Na juu ya alama hizo kuna maandishi ya penseli, vipimo vya fundi, na kwenye vipimo hivyo kuna saba yenye mkia uliopinda kama ndoana. Najua saba hiyo. Iko kwenye kila barua aliyoniandikia nikiwa Kitui.

Mume wangu alisimama humu ndani akapima, na huyu mama akiwa kitandani anamtazama.

Tulimbeba kwenye blanketi mimi, Ciru na wanaume wa ploti, mpaka kwenye kliniki barabarani. Hana uzito wowote. Mtu angeweza kudhani tumebeba blanketi tupu.

Jumatatu, 14 Aprili

Yuko hai. Wamemtundikia maji. Kifua kimejaa, nesi anasema baridi na njaa vimesaidiana.

Timo alinikuta nimekaa nje ya kliniki. Alikaa chini pembeni, si karibu.

"Sema," nikamwambia.

"Mzee Mbuthia alitaka chumba kiwe viwili. Akasema shosho atakaa nyuma kwa muda tu, watoto wa dada yake wanakuja kumchukua. Akatupa sisi huku mbele kwa bei ya chini, kwa sababu nimejenga mimi. Nikajua tukioana tutakuwa na pa kukaa."

"Na hukuniambia."

"Niliona ataondoka kabla hujajua."

"Na chakula?"

Akaichezea pete yake. "Chakula sikujua kilikuwa chake. Haki ya Mungu. Siku ya kwanza nilijiuliza, hiki ni cha nani. Halafu nikakuangalia. Ulikuwa umefurahi sana, Nthenya," akaniita kwa jina langu la nyumbani.

"Ulisema ni panya."

"Ndio."

"Ulijua si panya."

"Nilijua si panya," akasema. "Lakini alipokuwa akigonga nilifikiri anatuambia tupunguze kelele."

Nimetazama kile kidole chake nilichokivisha pete. Kile kile. Sikumtambua mwenye kidole.

Alhamisi, 17 Aprili

Nalala kwa Ciru. Timo simwongeleshi.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Baada ya kanisa akina mama wa Kikombe walikutana Toi, kwenye vibanda vilivyofungwa. Niliomba nisimame mimi. Nilieleza yote: ule msumari ulibaki mbele na shosho akahamishiwa nyuma, wao walitundika, mimi nikakuta, nikala, nikaosha, nikatia nyanya.

Muthoni, muuza viatu, akasema, "Kwa hivyo tumekuwa tukilisha maharusi," na baadhi wakacheka, kile kicheko cha mtu aliyejikwaa. Becky alikuwa analia kwenye leso. Ni msusi, msichana mwembamba, nilikuwa sijawahi kumwona. Nilikula chakula alichobeba wiki hizo zote na sikujua sura yake, wala yeye yangu.

"Nilikuwa nasikia watu wakicheka humo ndani wakati mwingine," Becky akasema. "Nikasema asante Mungu, shosho amepata wageni."

Mzee Mbuthia aliitwa, na ingawa sikutarajia, alikuja. Amevaa koti la Jumapili. Akasema yeye si mtu mbaya, na kusema kweli hafanani na mtu mbaya. "Nilimwambia shosho awaarifu watu wake wa chakula kwamba mlango sasa uko nyuma. Nilimwambia mwenyewe."

"Angetuarifu vipi?" shangazi akamuuliza, na sauti yake ilikuwa chini kabisa. "Hajawahi kutuona."

Hapo ndipo watu waligombana kweli. Wengine walisema sheria ya kutobisha hodi ifutwe. Shangazi akakataa. Ni yeye aliyeiweka, kwa ajili ya mama mmoja wa Mashimoni, Mama Mutuku, aliyeacha kufungua mlango kwa sababu alichoka kushukuru, akafa kwenye nyumba yenye chakula mlangoni. "Mnataka tumrudishie mtu ile aibu?"

"Mama Mutuku alikufa na aibu," Ciru akasema kutoka nyuma, yeye hata si mwanachama. "Huyu amekaribia kufa na heshima. Mimi sioni tofauti ni gani."

Shangazi akakaa chini. Kisha akasema, "Basi tubishe. Tungoje sauti. Asishukuru, hata atutukane, lakini tusikie sauti."

Jumamosi, 26 Aprili

Shosho amerudi. Mzee Mbuthia alitaka kumtafutia chumba kingine, lakini shosho alisema anataka kitanda chake. Nimerudi pia, kwa sababu mtu lazima awe karibu naye, na mtu huyo ni mimi. Nampikia uji, namlisha kwa kijiko. Mara ya kwanza nilipompelekea kijiko mdomoni nilikumbuka shati la Timo na zile ndengu.

Nilitaka kumwomba msamaha nikakosa pa kuanzia. Akaanza yeye.

"Ni nyinyi mlikuwa mkicheka."

"Ni sisi, shosho."

"Nilikuwa nasikia kijiko kikigonga sahani. Nikajua wale wanaoleta wamekaa hapo nje, wanakula na mimi. Nikawa nagonga na changu. Nawaambia mimi bado niko."

Akafumba macho. Nilifikiri amelala.

"Mlikuwa mkicheka vizuri," akasema.

Nikitaka kuandika nilivyojisikia siwezi. Mwanzo wa daftari hili nilisema nataka nikizeeka nisome jinsi nilivyopendwa. Sasa nimefungua kurasa zile, na katika kila moja namsikia.

Jumamosi, 3 Mei

Nilirudi kutoka Toi nikakuta Timo ametoa ukuta. Hakuniambia anataka kufanya hivyo. Kwanza alitoa mbao za pale kitandani, kisha akashindwa kuacha, akatoa wote. Mbao zimepangwa nje chini ya nailoni, upande wa buluu umegeuziwa chini. Shosho alikuwa ameketi ametegemezwa mito, anatazama mlango wake wa zamani na watu wanaopita.

"Fundi ni mpole," akaniambia. "Lakini anavumbisha."

Timo alikuwa anafagia. Nikamwambia asante. Ni neno la kwanza nimempa tangu siku ile ya kliniki.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Tunakula watatu. Shosho ana sahani yake mkononi, yuko mbele yetu, na bado kila akimaliza tonge anagonga ubao wa kitanda. Nikamwambia, "Shosho, tunakuona." Akasema, "Najua," akagonga tena.

Jumapili, 11 Mei

Becky alibisha leo. Alisimama mlangoni na kindoo akisubiri, na shosho akamjibu, "Ingia, ama miguu yako inalipiwa?" Amemsuka. Shosho ana nywele chache kama pamba, Becky ameziweka mistari. Timo alinitazama juu ya vichwa vyao. Bado ana macho mazuri. Sijui nayafanyie nini.

Ijumaa, 16 Mei

Shosho Wagaki amefariki alfajiri. Kifua kilirudi Jumanne na hakikutoka. Timo alikuwa amemshika kichwa, mimi mkono, na Ciru alikuwa akiimba ile tenzi. Hakuwa na njaa. Alikuwa amekunywa uji.

Nilimuuliza daktari kama ni zile wiki. Akasema, "Alikuwa mtu mzima, mvua ni nyingi." Nikamuuliza tena. Akasema vilevile. Hakuna atakayeniambia, nami nitaishi nikiuliza.

Jumatano, 21 Mei

Tumemsindikiza Nyahururu. Kikombe kiligharamia safari yote. Watoto wa dada yake walitushukuru kwa kumtunza. Hapo nilitamani ardhi inimeze, na shangazi akanifinya mkono nisimame.

Jumatatu, 26 Mei

Mzee Mbuthia alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Fundi, pole tena. Lakini kuna mtu anataka hapo nyuma. Rudisha ule ukuta."

Timo alikuwa anatengeneza stuli. Alinyanyua kichwa. "Tafuta fundi mwingine, Mzee."

"Basi mlipe chumba kizima, ama mtoke."

"Tutatoka."

Mzee alipoenda, nilikaa karibu na Timo kwenye vumbi lake. Hatujui tutaenda wapi, labda turudi Mashimoni. Nikaweka kichwa changu begani kwake, na kilikaa, ingawa si kama zamani. Zamani kilikaa bila kufikiri.

Tulipokula, Timo alisimulia kitu cha kule kazini kwake kwenye mbao, cha kuchekesha kweli, nikacheka. Kisha tukanyamaza wote kwa pamoja, vijiko hewani, tukisikiliza. Hakukuwa na ukuta wa kugongwa. Tulisikiliza tu.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua imeisha. Zamu ya kupeleka kwa Mzee Opondo imekuwa yangu. Nimebeba kile kindoo cheupe, nimekifunga fundo la Becky, nimekwenda mpaka Gatina.

Mlango wake una msumari. Nilisimama nikiuangalia, na mkono wangu, bila mimi, ukataka kutundika na kwenda.

Nikabisha. Kimya. Nikabisha tena. Kimya. Nikatoa kijiko kwenye kitambaa nikagonga mabati taratibu, nikanyamaza, nikagonga tena, na nilipousikia mlio ule nikiufanya kwa mkono wangu mwenyewe, nikashika mlango.

"Unabomoa nyumba ya nani?" Mzee Opondo akasema kutoka ndani. "Nimekufa miguu, sijafa mwili mzima. Ingia, mama."

Nilikaa naye mpaka akamaliza kula. Alinitukana kwa sababu ya chumvi. Sikutaka aache.

Lakini kabla hajajibu, pale katikati, nilikuwa nimesikia sauti nyingine. Najua nitaisikia katika kila mlango, kila nikibisha na kungoja. Inasema bado niko.